Mlango Ulioalika Mtaa Mzima

Gérard Numbi alikuwa mtu wa kujionyesha, na wala hakulificha jambo hilo. Miaka yake yote ya kazi alikuwa mkuu wa stesheni kwenye reli, kofia kichwani, filimbi mdomoni, na treni nzima ya watu ilikuwa haiondoki mpaka yeye apulize. Alipostaafu alibaki na nyumba yake ya mtaa wa Bel-Air, mkewe Madeleine, na hamu ileile ya kutazamwa. Kwa hiyo siku Madeleine aliposema mezani kwamba gereji yao inahitaji mlango mpya, Gérard aliweka kijiko chini. Alikuwa akilingoja neno hilo tangu jirani yake Mapalo alipoweka geti linalofunguka lenyewe mtu akibonyeza kidude akiwa bado ndani ya gari.

Lakini Madeleine hakuwa na habari ya geti la Mapalo. Yeye alikuwa anawaza mayai.

Gereji ile ilikuwa haijaona gari kwa miaka mingi. Ndani yake kulikuwa na kuvezi, ndivyo watu wa pale wanavyoiita mashine ya kutotolea vifaranga, kabati kubwa lenye mlango wa kioo na feni ndani, na wafugaji walikuwa wakitoka hadi kule Luano kuja kununua vifaranga vya Mama Kiki. Ndivyo alivyoitwa Madeleine, kwa jina la binti yao wa kwanza, kama vile mumewe alivyoitwa Baba Kiki. Tatizo lilikuwa mlango. Ulikuwa bati tupu. Mwezi wa kumi ulichoma kama kikaango, na mwezi wa saba, baridi inapolishika jiji la Lubumbashi mpaka watu wanaota jua kwenye kuta za nyumba, upepo ulipita chini yake bila kubisha hodi. Umeme ukikatika, gereji ilikuwa inapoa mara moja na mashine nayo inapoa.

Mwaka uliopita mayai yote ya mwezi wa saba yalikufa, yakiwa yamebakiza kidogo sana kutotolewa. Madeleine aliyapasua moja moja nyuma ya jiko. Alikuta vifaranga vimekamilika, vina manyoya, vina midomo, vimejikunja vimelala. Hakulia. Aliosha mikono, akaingia ndani, na kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa akiongea na watu huku anatazama pembeni.

"Baba Kiki," alisema sasa, "hii mara mayayi ikikufa, naacha. Nitauzisha couveuse, na muntu asiniulize tena mambo ya kuku."

"Haitakufa," Gérard akajibu. "Tutatia mulango ya nguvu."

Alisema hivyo kwa ujasiri, lakini moyoni alikuwa tayari ameshika kidude cha kubonyeza, amesimama barabarani, na Mapalo anamwangalia.

Walikwenda wote wawili kwenye depo moja iliyo kwenye barabara ya Kasumbalesa, ambako milango hushushwa kutoka kwenye malori yanayovuka mpaka. Mwenye depo alikuwa mwanamke aitwaye Dorine, amevaa koti la sufu na ndara, na alikuwa na namna yake ya kuuza ambayo Gérard hakuwahi kuiona. Hakuonyesha picha. Alikuwa ameegemeza vipande viwili vya mlango kwenye meza, kimoja chembamba, kingine kinene cha vidole vitatu hivi, na nyuma ya kila kipande kulikuwa na mbabula, jiko la makaa, limeiva mpaka rangi ya damu.

"Weka mukono, Papa," akasema.

Gérard aliweka kiganja kwenye kile chembamba, akakitoa haraka. Akahamia kwenye kinene. Akangoja. Akabonyeza zaidi, kama daktari anayetafuta mapigo. Chuma kilikuwa baridi kama kilivyokuwa asubuhi. Alizunguka nyuma ya meza kuhakikisha kwamba makaa hayajazimika. Yalikuwa yanawaka vizuri, joto likampiga usoni akarudi nyuma. Alirudi mbele, akaweka kiganja tena. Mtu huyu aliyekuwa na neno kwa kila jambo alisimama pale akishangaa kabisa, mkono kwenye chuma baridi, moto uko hatua moja mbele yake na haumfikii.

"Iko bati mbili, na katikati iko mousse ngumu, povu ya kukauka," Dorine alieleza. "Moto inafika pale inachoka. Na baridi njo vilevile."

Kisha wakaja kwenye hesabu, na hesabu ilikuwa na ukali wake. Nyumbani kulikuwa na bahasha mbili, moja ya mlango, nyingine ya kutengeneza jenereta iliyokuwa imekufa. Gérard alitaka mlango mwembamba wenye mota, maana ungebakiza cha kutengenezea jenereta, na umeme ukikatika mashine ingeendelea kufanya kazi. Lilikuwa wazo zuri, lazima tumpe haki yake. Alilipanga vizuri kama anavyopanga ratiba, na alikuwa karibu kujiaminisha kwamba halihusiani na Mapalo.

"Mwaka ile, jenereta ilikuwa muzima," Madeleine akasema taratibu. "Njo essence, mafuta yake, ilikosa. Mulango haiombake essence."

"Bahasha zote mbili," Dorine akasema, "zinatosha ile nene, ya kufungula na mukono. Moteur, hapana."

Gérard alitazama ile mota iliyokuwa juu ya rafu, imefungwa kwenye nailoni yake, na kijidude chake kidogo kimebandikwa pembeni. Halafu akatazama kiganja chake.

"Ile nene," akasema, na ukweli ni kwamba ilimuuma.

Mafundi wa Dorine waliufunga kwa siku moja. Waliziba nyufa zote, wakaacha tu bomba jembamba karibu na dari, la hewa ya kupumua, na Dorine mwenyewe alipiga simu kuwaonya: ndani ya gereji ile asiingie tena mtu na mbabula, hata baridi iwe kali namna gani, kwa sababu moshi wa makaa hautapata pa kutokea na utaua watu kimyakimya. Madeleine akaitoa mbabula ya gereji siku hiyohiyo, akampa dada mmoja anayechoma mahindi.

Halafu fundi akamwita Gérard, akamwambia ainue mlango. Gérard alikunja mikono ya shati, akapanua miguu, akainama. Mlango ule ulikuwa mzito, wanaume wanne walihangaika kuushusha kwenye gari. Fundi akacheka. "Kidole, Papa. Kidole moja." Na kweli, kulikuwa na springi kubwa juu, imekazwa sawasawa na uzito wa mlango. Gérard aliweka kidole kimoja chini ya ukingo, na ukuta mzima wa chuma ukapanda mbele yake, taratibu, bila kelele, mpaka ukalala juu ya kichwa chake. Aliushusha. Akaupandisha tena. Akaita mtu aliyekuwa akipita akamwonyesha. Mota ikamtoka moyoni palepale.

Sasa, Lubumbashi ukinunua kitu kipya, iwe gari, iwe friji, iwe viatu, majirani wanakungojea uaroze. Kuaroze ni kukimwagilia kile kitu bia kipate baraka, isipokuwa bia yenyewe inaishia matumboni mwao. Asiyearoze anasemwa. Gérard hakungoja kusemwa. Jioni ileile alipita nyumba kwa nyumba akaalika mtaa wote, na akachagua Jumapili ya tatu kutoka pale, kwa sababu pensheni yake ingekuwa imeingia. Kila mgeni, aliahidi, atauinua mlango ule kwa kidole chake mwenyewe.

Na Madeleine, aliyekuwa ndani wakati huo, alikuwa anayapanga mayai mapya kwenye trei. Yai la kuku linakaa wiki tatu. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa saa na kalenda, aliyejua treni ya Kamina iko wapi hata akiwa usingizini, hakuhesabu.

Walikuja kugundua Jumapili yenyewe asubuhi, viti vimeshakodiwa, kreti za bia zimepangwa uani.

"Leo haifungukake," Madeleine alimwambia, amesimama mlangoni pa jikoni. Jiko lile lilikuwa na kimlango kidogo kinachoingia gerejini, na huko ndiko alikokuwa ameshinda tangu alfajiri. "Yameanza kupasuka. Baridi ikiingia sasa, bitoto bitakauka ndani ya maganda."

"Mara moja tu, Mama Kiki. Wapi aibu yangu nitaipeleka?"

Madeleine alimtazama, na hakutazama pembeni. Gérard akaenda kuvaa suti.

Wageni walifika baada ya misa, wamependeza. Maman Lydie, kiongozi wa kwaya, alikuja na waimbaji wake, wamefunga vikwembe, vitenge vipya vinavyometameta. Mapalo alikuja na kofia pana na kidole chake cha shahada amekiinua juu tangu getini, kuonyesha kwamba amekileta. Watu wakacheka. Wakakaa kuuzunguka mlango ule, uliopakwa rangi ya maziwa, mzuri, umefungwa. Gérard aliwamiminia, akazungumza juu ya springi, akazungumza juu ya mousse, akazungumza juu ya bati mbili, na alizungumza mpaka jua likaanza kulala juu ya paa na upepo wa baridi ukaanza kuingia kwenye makola ya mashati.

Ndipo muziki ukazima. Redio ya jirani ikanyamaza, friji za mtaa mzima zikanyamaza, na mtu fulani akasema bila hata kushangaa, "Courant imekwenda."

Jenereta ilikuwa kona ya uani, imekufa, imefunikwa gunia.

"Basi fungula sasa, baridi inatuua," Mapalo akasema. "Tuinue, tunywe ya mwisho, twende."

"Leo haifunguki," Gérard akasema.

Watu wakatazamana, wakidhani wamesikia vibaya.

"Chef de gare," Mapalo akasema, akimwita kwa cheo chake cha zamani cha mkuu wa stesheni, kwa sauti ya upole kabisa, ile ambayo ndiyo mbaya, "umeuzisha tiketi, bantu banakaa quai kungojea treni, sasa treni njo hakuna?"

Kicheko kilichofuata kilimchoma Gérard mpaka masikioni. Wakati mwingine wowote angeinama pale pale, angeweka kidole chini ya ukingo, na mambo yangeisha. Kidole chenyewe kilikuwa kimeshaanza kujikunja. Lakini alikumbuka macho ya Madeleine asubuhi, akamshika Mapalo mkono wa koti, akamvuta kupitia ua, kupitia jikoni, mpaka kwenye kile kimlango. "Ingia uone mwenyewe. Funga mdomo."

Walipoingia na kimlango kikafungwa nyuma yao, dunia yote ilibaki nje. Mita chache tu kutoka pale watu walikuwa wakicheka na kugonganisha chupa, na hakuna hata sauti moja iliyopita. Kulikuwa na giza, tochi ya simu ya Madeleine ikimulika kioo cha kuvezi, na kulikuwa na sauti nyingine, ndogo, nyingi, ambayo Gérard mwanzoni alidhani ni masikio yake. Yalikuwa mayai. Yalikuwa yanaongea. Kutoka ndani ya maganda yaliyofungika bado, vifaranga vilikuwa vikiitana, yai la huku likilia na yai la kule likiitikia, trei nzima baada ya trei.

Miaka yote hii alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta ule, na hakuwahi kuja kusikiliza. Mapalo alivua kofia.

Madeleine hakugeuka. Alikuwa amekodolea macho kipimajoto kilichoning'inia kando ya mashine. "Inashuka," alinong'ona. "Tangu courant iende, inashuka. Mulango inafanya kazi yake, lakini hakunako kintu ya kuleta joto. Kabla ya giza itakuwa basi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza habari za watu wengine, na hiyo ndiyo iliyomtisha Gérard. Alifikiria mbabula, akaifukuza fikira hiyo. Alifikiria kukimbilia kwa mtu mmoja mwenye jenereta barabara ya pili, lakini mtu huyo alikuwa safarini Kasenga. Hakuwa na kitu. Alisimama tu karibu na mkewe, na Mapalo akasimama karibu naye, mabega yakigusana, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo na hakuna aliyethubutu kuondoka.

Baada ya kitambo Madeleine alisogeza tochi karibu na kipimajoto. Akakifuta kwa kidole.

"Imesimama," akasema. Akawageukia, akawamulika mmoja baada ya mwingine, suti na koti, kama ndiyo kwanza anawaona. "Ni siye. Njo joto yetu. Inabakia humu ndani, haina pa kutokea." Akamshika mumewe mkono. "Baba Kiki, kwenda uite bengine. Bote."

Hata kazini Gérard hakuwahi kupuliza filimbi kwa haraka namna ile. Alitoka uani akawaambia watu maneno machache, wala hakukumbuka baadaye ni yapi, na kitu fulani kwenye uso wake kiliwafanya wasiulize. Waliingia kupitia jikoni mmoja mmoja, wakivua viatu bila kuambiwa. Kila mtu alibeba kreti yake ya kukalia. Maman Lydie alifungua kitenge chake cha juu akaifunika mashine, waimbaji wake wakafanya vivyo hivyo, mpaka kuvezi ikavaa kama mama anayekwenda harusini, na uso wake wa kioo tu ukibaki wazi. Walikaa wameizunguka, magoti kwa magoti, migongo kwa vifua, mtaa mzima ndani ya gereji moja ya giza. Mtu alianza kukohoa akajiziba na leso.

Wakasikiliza.

Hakuna aliyekuwa amewaambia wanyamaze. Watu wanaofuga kuku tangu kuzaliwa, wanaokula kuku kila sikukuu, walikaa pale vinywa wazi kama wageni katika nchi ya mbali. Joto lao lilipanda polepole. Gérard alilihisi kwanza kwenye mashavu, halafu shingoni, joto lenye harufu ya sabuni, ya bia, ya poda ya Jumapili. Madeleine aliripoti kwa kunong'ona: inapanda, inapanda, na kila mara kifua cha kila mtu kilishusha pumzi kidogo, na pumzi hiyo nayo ilikuwa joto.

Kisha yai moja la mbele likafunguka. Gérard alikuwa karibu na kioo. Siku zote alidhani ganda huvunjika lenyewe wakati wake ukifika, au mama analipasua kwa mdomo. Sasa aliona kitundu, na ndani ya kitundu ncha ya mdomo mdogo kuliko punje ya mchele, ikigonga, ikipumzika kwa muda mrefu mpaka ungedhani imekata tamaa, ikigonga tena pembeni kidogo, ikizunguka, ikikata mstari kama mtu anayefungua kopo. Hakuna aliyeisaidia. Hakuna aliyeifundisha. Ganda likainuka kama kofia, na kitu kilichoanguka kwenye trei kilikuwa kibaya kabisa, kimelowa, shingo uzi mtupu, macho makubwa. Kikalala. Watu wote gerejini wakaacha kupumua.

Kikainua kichwa.

Maman Lydie aliangua kilio bila sauti, mabega tu yakitikisika. Na Mapalo akasema, kwa sauti ya mtoto, "Eh, Mungu wangu," na hakuwa anamtania mtu.

Baada ya hapo vilikuja kwa wingi, huku na huku, trei ya juu na trei ya chini, na hakuna aliyejaribu kuvihesabu. Madeleine alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo, mikono kwenye mapaja, machozi yanamtiririka hata hayafuti, naye anacheka. Gérard alimtazama yeye zaidi ya alivyotazama vifaranga. Alijisikia mdogo sana, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hali hiyo ilimpendeza.

Umeme ulirudi ghafla. Balbu ikawaka, feni ya mashine ikaanza kuvuma, na watu wakaonana: jasho kwenye paji la uso, poda imechuruzika, mashati yamelowa. Sasa hakukuwa tena na haja ya joto lao. Wangeweza kuinuka, kwenda uani, kumaliza bia zao. Hakuna aliyeinuka.

Mapalo aligeuza kichwa taratibu, kofia yake bado mapajani. "Chef," alinong'ona, "tunaweza kubakia kidogo?"

Gérard alimtazama mkewe, maana gereji haikuwa yake kujibia. Madeleine aliitikia kwa kichwa, bila kuondoa macho kwenye kioo, akasogea upande mmoja ili mumewe apate nafasi. Kreti zilikuwa zimekwisha. Gérard Numbi alikaa chini kwenye sementi tupu na suti yake ya Jumapili, bega kwa bega na Mama Kiki, akangoja kama kila mtu.